Mshipa wa Bati na Mwendo wa Ufa: Historia ya Kupima Kasi ya Nyufa Zinazosukumwa na Kimiminika, kwa Kurejelea Karagwe na Kyerwa

Utangulizi

Mchimbaji mdogo wa bati katika vilima vya Kyerwa hufanya kazi kwa kufuata mshipa. Mshipa huo ni utepe mweupe wa kwatsi uliopenya katika mwamba wenye rangi ya kijivu au wekundu wa kutu. Pengine una upana wa kidole, pengine wa mkono mzima, na ndani yake au kandokando yake hukaa kasiteriti, jiwe jeusi na zito ambalo ndilo chanzo cha bati. Akiwa na sururu, nyundo na mtarimbo, mchimbaji hukabiliana na swali lile lile kila siku: je, mshipa huu unaendelea mbele, au umeishia hapa? Kwake hilo ni swali la riziki. Makala haya yanalichukulia kuwa ni swali la historia ya sayansi pia, kwa kuwa mshipa wa kwatsi ni ufa wa zamani. Maji moto yenye shinikizo kubwa yaliupasua mwamba, yakaingia katika mpasuko, na yalipopoa yakaacha madini yaliyouziba. Anayeuliza mshipa umefika wapi anauliza, bila kukusudia, ufa ule ulikua kwa kasi gani na ni kitu gani kilichousimamisha.

Nyufa za namna hii huitwa hapa nyufa zinazosukumwa na kimiminika. Wachimbaji wa mafuta na gesi huzipasua kwa makusudi, kwa kupiga maji chini kwa pampu. Volkano huzipasua kwa magma. Katika Karagwe zilipasuliwa na maji yaliyotoka katika graniti iliyokuwa ikipoa chini ya ardhi. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba watafiti wa maabara walitumia miongo kadhaa kuondoa katika majaribio yao hali moja waliyoihesabu kuwa kasoro, na kwamba hali hiyo hiyo ndiyo inayoielekea zaidi asili ya mishipa ya Kyerwa.

Miamba yenye jina la Karagwe

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Kwa hiyo nyaraka za kabla ya hapo zinaposema Karagwe huwa zinaijumlisha Kyerwa, na zile za karne ya 19 huwa na maana ya ufalme mzima wa Wanyambo, ambao makao yake yalikuwa Bweranyange. Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Stanley alipokaribishwa na mfalme huyo mwaka 1876, alikwenda kuziona chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo zimo katika Wilaya ya Kyerwa, akawakuta wagonjwa waliokuja kuoga ili wapone, naye akayapima maji kwa kipimajoto. Maji ya Mtagata si yale yaliyoleta bati. Kati yao kuna tofauti ya takriban miaka bilioni moja. Hata hivyo, yanaonyesha kwa macho kwamba maji moto hupanda juu kwa kupitia nyufa za mwamba. Wenyeji walilijua hilo na kulitumia kabla ya mgeni yeyote kuja na kipimo chake.

Bati lilianza kuchimbwa kibiashara katika miaka ya 1920, pande zote mbili za Mto Kagera: Kikagati upande wa Uganda, na maeneo ya Murongo na Kyerwa upande wa Tanganyika. Katika kipindi hicho hicho wanajiolojia wa serikali za kikoloni waliupa mfululizo wa miamba hiyo jina la Mfumo wa Karagwe-Ankole, jina ambalo lilipata nguvu katika kazi ya Combe kuhusu kusini-magharibi mwa Ankole iliyochapishwa mwaka 1932. Baadaye miamba hiyo iliingizwa katika ukanda mrefu zaidi ulioitwa Kibara, kwa jina la milima ya Katanga. Kisha, katika miaka ya 2010 hadi 2012, watafiti wakiwamo wa Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, Tervuren, Ubelgiji, walitenganisha sehemu ya kaskazini na kuirudishia jina la Ukanda wa Karagwe-Ankole. Kutokana na vipimo vyao, tukio kubwa la magma katika ukanda huo lina umri wa takriban miaka milioni 1,375, ilhali graniti zinazohusishwa na bati ni changa zaidi, takriban miaka milioni 986.

Ukisoma namna mishipa ilivyoelezwa katika kazi za kipindi cha ukoloni, utakuta mambo matatu: mshipa una upana gani, umeelekea wapi na kuinama kwa nyuzi ngapi, na una bati kiasi gani. Hayo ndiyo mambo ambayo mwenye mtaji alitaka kuyajua. Muda haukuwamo. Mshipa ulichorwa katika ramani kama kitu kilichokuwapo tangu mwanzo, si kama tukio lililoanza, likaenda, likakoma. Bei ya bati duniani ilipoporomoka Oktoba 1985, baada ya Baraza la Kimataifa la Bati kuishiwa fedha, wenye mitaji walipoteza hamu katika nchi nyingi. Mchimbaji mdogo wa Kyerwa alibaki na mshipa wake, bila ramani. Jina la Karagwe lilikuwa limekwisha kusafiri hadi katika vitabu vya jiolojia vya Ulaya. Elimu iliyotokana na miamba yake haikurudi kwa kasi hiyo.

Ufa usio na saa

Wazo kwamba mishipa ya madini ni nyufa zilizopasuliwa na kimiminika lilielezwa kwa uwazi na Phillips mwaka 1972, kwa kutumia mishipa ya Wales. Mwaka 1980 Ramsay aliongeza jambo ambalo lina uzito mkubwa kwa mjadala huu. Alionyesha kwamba mishipa mingi haikufunguka mara moja. Ilipasuka kidogo, ikazibwa na madini, ikapasuka tena pale pale, ikazibwa tena, na hivyo kuacha matabaka membamba yaliyo sambamba na kingo za mshipa. Mshipa wenye upana wa kiganja unaweza kuwa jumla ya mipasuko mingi, kila mmoja mwembamba kuliko kucha.

Ugunduzi huo unaleta ugumu wa aina yake. Matabaka yanaweza kuhesabiwa, lakini hayasemi kila mpasuko ulichukua sekunde, siku au mwaka. Jiwe linahifadhi umbo na kupoteza kasi. Ili kuipata kasi ilibidi ufa utengenezwe upya mahali ambapo mtu angeweza kusimama kando yake na saa mkononi.

Kutoka Kansas hadi maabara

Jaribio la kwanza la kupasua mwamba kwa kimiminika kisimani lilifanyika mwaka 1947 katika eneo la gesi la Hugoton, Kansas, Marekani, na kazi hiyo ikawa ya kibiashara mwaka 1949. Ilifanikiwa kabla haijaeleweka. Wengi waliamini kwamba ufa hulala kama karatasi kati ya matabaka ya mwamba. Hubbert na Willis (1957) walilipinga wazo hilo kwa kifaa ambacho mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kukitengeneza: walijaza jelatini katika chupa laini ya plastiki, wakaibana upande mmoja, kisha wakaingiza uji wa plasta ya jasi. Uji ulipoganda na jelatini kuondolewa, ufa ulibaki mkononi kama sahani. Ilionekana kwamba ufa hufunguka kuelekea upande wenye mkazo mdogo kuliko pande nyingine. Jaribio hilo lilimaliza ubishi kuhusu mwelekeo. Kuhusu kasi halikusema neno, kwa kuwa plasta iliyoganda, kama ulivyo mshipa wa kwatsi, huonyesha mwisho wa safari tu.

Kasi ilishughulikiwa kwanza na wanahisabati. Khristianovic na Zheltov (1955), Perkins na Kern (1961), Geertsma na de Klerk (1969) na Nordgren (1972) walitoa kanuni za kukadiria urefu na upana wa ufa kadiri pampu inavyoendelea. Kanuni hizo zilitofautiana kimsingi katika umbo la ufa lililodhaniwa. Nyuma ya tofauti hiyo lilijificha swali zito zaidi: nguvu ya pampu inatumika wapi? Sehemu moja hutumika kukisukuma kimiminika chenye mnato ndani ya nafasi nyembamba. Sehemu nyingine hutumika kuvunja mwamba kwenye ncha ya ufa, kwa maana ambayo Griffith aliifafanua mwaka 1921 kwa majaribio ya kioo. Ikiwa mnato ndio unaotawala, kasi ya ufa inatueleza habari za kimiminika. Ikiwa ukinzani wa mwamba ndio unaotawala, kasi hiyo hiyo inatueleza habari za mwamba. Mtu anaweza kupima kasi kwa usahihi wote na bado asijue amepima nini.

Ukubwa wa tatizo hilo unaonekana katika ufa wa duara unaolishwa na pampu isiyobadilika. Mnato ukitawala, nusu kipenyo cha ufa hukua kwa kipeo cha 4/9 cha muda. Ukinzani wa mwamba ukitawala, kipeo ni 2/5. Muda ukiongezeka mara mbili, ufa wa kwanza huwa mkubwa mara 1.36 na wa pili mara 1.32. Hakuna jicho linaloweza kutenganisha mistari hiyo miwili katika jaribio la dakika chache, lenye makosa yake ya kawaida ya upimaji. Katika hali zote mbili ufa hupungua kasi sana: muda ukiongezeka mara kumi, kasi hubaki takriban robo ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo kuchora ukubwa wa ufa dhidi ya saa, jambo ambalo ndilo lililoonekana kuwa ni kupima kasi, hakukutosha.

Jibu lilitafutwa katika ncha ya ufa. Spence na Sharp (1985), na baada yao Desroches na wenzake (1994), walionyesha kwamba umbo la uwazi karibu na ncha hutofautiana kulingana na nguvu inayotawala. Uwazi huo ni wa sehemu ndogo mno za milimita, na ufa umo ndani ya jiwe. Huko Delft, Uholanzi, katika miaka ya 1990, watafiti walitumia mawimbi ya sauti isiyosikika na sikio: waliyapitisha katika vipande vya saruji na plasta wakati ufa ukikua, na kutokana na mawimbi yaliyorudishwa au kufifia wakajua ufa umefika wapi. Njia nyingine ilikuwa kuachana na jiwe kabisa. Bunger na Detournay, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2008, walipasua vipande vya kioo na akriliki kwa vimiminika kama gliserini vilivyotiwa rangi. Mwanga ulipitishwa katika kipande chote. Palipokuwa na rangi nzito ufa ulikuwa mpana, palipokuwa na rangi hafifu ulikuwa mwembamba. Picha moja baada ya nyingine zilitoa kwa pamoja mwendo wa ncha, upana wa uwazi, na pengo dogo lililo mbele ya kimiminika ambako ufa umekwisha kufunguka lakini kimiminika bado hakijafika. Hapo kwa mara nyingine nadharia na saa vilikubaliana, na safari hii ilijulikana ni kitu gani kinapimwa.

Njiani kulikuwa na kero ambayo kila mpimaji aliijua. Kabla ufa haujaanza, pampu hukibana kimiminika katika mabomba, na mabomba yenyewe hutanuka kidogo. Mwamba ukipasuka ghafla, akiba hiyo hufyatuka na kuingia ndani ya ufa. Kwa muda fulani ufa hukua kwa kasi isiyotokana na pampu hata kidogo. Hutokana na kile kilichokuwa kimehifadhiwa nyuma yake. Ili kuzuia mfyatuko huo, watafiti walifupisha mabomba, waliweka vali za sindano karibu na kipande, na walitumia vimiminika vizito. Vipimo vya dakika hizo za mwanzo viliondolewa katika hesabu nyingi, na kwa lengo lao walikuwa na haki: walitaka pampu inayojulikana ili kanuni ijaribiwe.

Pampu isiyo na mwenyewe

Katika Kyerwa hapakuwa na vali ya sindano. Graniti ilipopoa, maji yaliyotoka humo yalikusanyika chini ya mwamba uliokuwa mgumu kupenyeka, shinikizo likapanda hadi mwamba ukashindwa kulihimili. Akiba iliyokuwa nyuma ya ufa ilikuwa kubwa kuliko ufa wenyewe. Aidha, maji hayo yalikuwa mepesi. Kwa joto la nyuzi 300 za Selsiasi, ambalo ni la kiwango kinachotajwa katika uchunguzi wa matone ya maji yaliyonaswa katika mishipa ya bati ya nchi jirani ya Rwanda, mnato wa maji ni takriban moja ya kumi ya mnato wa maji ya kawaida ya kunywa. Gliserini ya maabara ni nzito kuliko maji hayo ya kawaida zaidi ya mara elfu moja. Kanuni ya mnato, ambayo maabara iliithibitisha kwa ustadi mkubwa, haiwezi basi kuchukuliwa jinsi ilivyo na kupelekwa katika mishipa ya Karagwe.

Inayobaki ni picha ya mfyatuko. Ufa ulianza, akiba ikaingia kwa kasi, shinikizo likashuka, ufa ukasimama. Kushuka huko kwa shinikizo ndiko pia kulikosaidia madini kutoka katika maji na kuziba njia. Kisha shinikizo likaanza kupanda upya. Matabaka aliyoyaeleza Ramsay ni kumbukumbu ya mzunguko wa namna hiyo. Kila tabaka ni mwendo mfupi wa haraka uliofuatiwa na kimya kirefu. Mtu anayegawanya urefu wa mshipa kwa umri wake atapata wastani ambao haukuwahi kuwa kasi ya ufa wowote.

Kasi ya nyufa zinazolishwa na akiba iliyo chini inaweza kuonekana hai katika Bonde la Ufa. Mwaka 2005 huko Afar, Ethiopia, magma ilifungua ufa wenye urefu wa takriban kilomita 60. Julai 2007 ufa kama huo, ingawa mfupi zaidi, ulifunguka karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ukifuatana na mfululizo wa matetemeko. Ulio karibu zaidi na Karagwe ni wa Goma, ng'ambo ya Rwanda. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku zilizofuata matetemeko na rada za setilaiti vilionyesha ufa wa magma wenye urefu wa takriban kilomita 25 uliopita chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei sehemu ya wakazi waliamriwa kuondoka. Kwao swali la kasi ya ufa halikuwa la kitaaluma: walihitaji kujua kama umesimama. Nyufa hizi zisichanganywe na tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua watu katika mkoa na kubomoa nyumba nyingi. Huko mwamba uliteleza kwenye ufa uliobanwa, na mteleko wa namna hiyo husafiri kilomita kadhaa kwa sekunde, ilhali ufa wa magma kwa kawaida huenda kwa mwendo wa mtu atembeaye au chini yake.

Kwa mchimbaji wa Kyerwa, tofauti kati ya mpasuko mmoja na mfululizo wa mipasuko si ndogo. Kama mshipa ungefunguka mara moja na kujazwa mara moja, bati lingetarajiwa kusambaa humo kwa namna moja. Mara nyingi sivyo. Kasiteriti hukutwa zaidi kwenye kingo, pamoja na mika inayong'aa, na katikati pakabaki kwatsi tupu isiyo na thamani sokoni. Maji ya mpasuko mmoja yalileta bati, ya mpasuko mwingine hayakuleta. Mchimbaji mzoefu hulijua hilo bila kanuni: hugonga kipande kwa nyundo na kutazama ukingo kabla ya kuamua kama siku inayofuata ataendelea au ataacha. Ujuzi huo haumo katika ramani za kikoloni, na kwa maoni yanayotolewa hapa unastahili kuandikwa kwa utaratibu, tabaka kwa tabaka, kabla mashimo hayajafukiwa.

Mashimo hayo yana nyufa zao pia. Mvua za masika zinapoanza, maji hujaa katika mipasuko iliyo nyuma ya kuta, mingi ikiwa imeachwa na kazi ya mtarimbo. Ufa wenye kina cha mita 5 ukijaa maji, shinikizo chini yake hufikia takriban kilopaskali 50, sawa na uzito wa tani 5 unaosukuma kila mita mraba ya ukuta kuelekea shimoni. Upana wa ufa haumo katika hesabu hiyo. Ufa wa milimita moja husukuma kwa nguvu ile ile ya ufa wa kiganja, na kwa kuwa ni mwembamba, hujazwa na mvua kidogo.